Mama anaumwa Kilifi, makaratasi yangu yamekwama Uingereza: nimwendee mbunge?

Shikamoo dada,

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Kilifi, na kwa sasa naishi Leicester na mume wangu. Nilikuja huku kwa viza ya kazi, yeye akaja kama tegemezi wangu. Tulipotimiza miaka mitano nilifanya ule mtihani wa maisha ya Uingereza nikafaulu, tukajaza fomu za ukaazi wa kudumu, tukalipa, tukaenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ada ya mtu mmoja ilikuwa zaidi ya pauni 2,800, na sisi tuko wawili, kwa hiyo akiba yetu yote iliishia hapo.

Tuliambiwa majibu hutoka ndani ya miezi sita. Huu ni mwezi wa tisa. Nikipiga simu naambiwa ombi linashughulikiwa, nisubiri. Nikiandika barua pepe, jibu ni hilohilo, tena naona limenakiliwa tu. Viza yangu ya zamani iliisha muda tukiwa bado tunasubiri. Sasa HR wa kazini wameniita, wanasema uthibitisho wao juu yangu unakaribia kuisha, na wasipopata mwingine wataniondoa kwenye rota. Nimefanya kazi wodi hiyo tangu wakati wa korona, dada. Nimezika wagonjwa ambao jamaa zao hawakuruhusiwa kuingia.

Kubwa zaidi ni mama. Figo zimechoka, amewekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na kaka yangu ananiambia siku nyingine anarudi nyumbani hawezi hata kusema. Ananiuliza nitakuja lini. Pasipoti ninayo mkononi, hawakuichukua. Usiku nikitoka zamu huwa nafungua tovuti ya ndege naangalia nauli ya Mombasa. Najiambia niende wiki mbili tu nirudi.

Dada mmoja Mtanzania tunayesali naye aliniambia nimwone mbunge wa eneo langu, kwamba yeye alisaidiwa hivyo. Mume wangu hataki kulisikia. Anasema mbunge ni serikali na uhamiaji ni serikali, nikienda kuishtaki serikali kwa serikali watalifungua faili letu ili watafute kosa. Mimi mwenyewe nasita. Si raia, sijampigia kura mtu yeyote hapa, na simjui mtu wa kunipeleka. Kwetu humwendei mheshimiwa mikono mitupu. Na kuna jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp anayesema ana njia ya kufika kwa mbunge, anataka pauni 400.

Niende? Nikienda niseme nini? Na je, nikisafiri kwanza nimwone mama halafu nishughulikie hili nikirudi?

Nesi wa Kilifi, Leicester

---

Mdogo wangu, marahaba. Pole sana na mama. Kumuuguza mzazi kwa simu ni mzigo unaouelewa vizuri kuliko wengi, kwa sababu wewe unajua kila namba wanayomsomea kaka yako hospitalini ina maana gani.

Nianze na tiketi, ndiyo inayoweza kuharibu kila kitu wiki hii hii. Usisafiri. Kanuni za uhamiaji za Uingereza zinasema mtu aliyeomba ukaazi akiwa ndani ya nchi, akitoka kabla ya uamuzi, ombi lake linahesabiwa kuwa limeondolewa. Kutoka maana yake ni kwenda nje ya Uingereza, Ireland, Isle of Man na visiwa vya Jersey na Guernsey. Nairobi ni nje, Mombasa ni nje, hata Paris ya siku moja ni nje. Viza yako imekwisha, na kinachokuweka halali sasa ni kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971: ukiomba kabla ya viza kuisha, ruhusa yako ya zamani inaendelea, na masharti yake yaleyale, mpaka ujibiwe. Ukitoka Uingereza yenyewe, kifungu hicho hakikulindi tena. Hatari yenyewe iko kwenye hiyo pasipoti uliyonayo mkononi. Shirika la ndege litakukatia tiketi, na uwanjani hakuna atakayekuzuia kuondoka. Utakuja kugundua siku ya kurudi kwamba huna viza ya kupandia ndege, ada imekwenda, na miaka yako mitano imeingia mashakani.

Sisemi kwamba hutaenda kamwe. Inaweza kufika siku ambayo wewe na nduguzo mtaona lazima uwe kando ya mama, liwalo na liwe, na hakuna mtu wa gazetini mwenye haki ya kukukataza. Lakini siku hiyo ikifika, zungumza kwanza na wakili wa uhamiaji au mshauri mwenye leseni, kabla ya kununua tiketi, ili ujue unachoacha nyuma.

La pili ni kazi, na hili halihitaji mbunge. Kifungu hichohicho cha 3C kinakuruhusu kuendelea kufanya kazi uliyokuwa ukifanya. HR hawatakiwi kukuamini kwa mdomo, na hawatakiwi kukufukuza kwa sababu tarehe ya viza imepita. Wanachotakiwa kufanya ni kuuliza Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, kupitia huduma iliyowekwa kwa ajili ya waajiri, na wakijibiwa kwamba una haki ya kufanya kazi, jibu hilo linawalinda kwa miezi sita. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani waliuliza mwanzoni, na ile miezi sita ndiyo inayoisha. Wanaruhusiwa kuuliza tena. Ni wao wanaouliza, wewe huwezi kuwaulizia, kwa hiyo kazi yako ni kuwapa namba ya ombi na tarehe uliyotuma, kwa maandishi, na kuwaomba waulize wiki hii bila kungoja siku ya mwisho. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, mwambie mwakilishi wako ajue.

Sasa mbunge. Ndiyo, nenda. Dada yule wa Kitanzania amekuelekeza vizuri, na ningependa wenzetu wengi zaidi walijue hili mapema, kwa sababu tunakaa na barua za "subiri" mpaka watu wanapoteza kazi.

Kwetu Kenya mbunge tunamjua kwa basari za CDF, ule mfuko wa maendeleo ya jimbo, kwa mabati ya shule, kwa bahasha ya harambee. Tunamwendea kama mtu mwenye mali ya kugawa, na ndiyo maana unahisi unakwenda kuomba. Mbunge wa Uingereza hana mfuko huo. Alicho nacho ni haki ya kuuliza na kutakiwa kujibiwa, na ana wafanyakazi ambao sehemu kubwa ya wiki yao ni kuandika barua za kuulizia mambo ya wananchi: nyumba, posho za ulemavu, na uhamiaji kwa wingi sana. Home Office ina watu na njia maalumu kwa ajili ya maswali ya wabunge, na imejiwekea lengo la kujibu barua zao ndani ya siku 20 za kazi. Wewe ukipiga simu unapokelewa na mtu anayesoma skrini. Swali la mbunge linamlazimu mtu fulani kulitafuta faili, kulifungua, na kuandika jibu linalobeba jina la idara.

Hawezi kuamuru upewe ukaazi. Hawezi kukuvusha mbele ya foleni kwa sababu tu amependezwa nawe. Anaweza kuuliza limekwama wapi na kwa nini miezi sita imepita, na anaweza kuomba liharakishwe kwa sababu za kibinadamu akiwa na ushahidi wa sababu hizo. Wakati mwingine hilo linatosha. Hugundulika kwamba kuna karatasi iliombwa na barua ikaenda kwa anwani ya zamani, au kwamba faili linasubiri ukaguzi fulani ambao hakuna aliyeufuatilia. Wakati mwingine jibu linarudi lilelile la "tunashughulikia", ila sasa limeandikwa kwa mbunge na lina tarehe, na hilo lina faida yake, nitalifikia.

Kuhusu kutopiga kura: yeye ni mbunge wa kila mkaazi wa jimbo lake, awe raia au asiwe, awe alimpigia kura au alimpinga. Tena kuna jambo ambalo Wakenya wengi huku hawaambiwi. Wewe ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na raia wa nchi hizo wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata ya kuchagua wabunge. Kenya imo, Tanzania imo, Uganda imo, Rwanda imo tangu 2009. Ndugu zetu wa Congo na Burundi hawamo, kwa hiyo kura ya ubunge hawana, lakini mlango wa mbunge uko wazi kwao vilevile.

Huhitaji mtu wa kukupeleka. Huyo jamaa wa WhatsApp anakuuzia kitu cha bure. Usimpe pauni 400, usimpe hata picha ya pasipoti yako. Ingia kwenye tovuti ya Bunge la Uingereza, andika postikodi ya nyumbani kwako, jina la mbunge na anwani ya ofisi yake vitatokea. Nimesema ya nyumbani kwako. Leicester peke yake ina majimbo matatu yenye jina la mji, la Mashariki, la Kusini na la Magharibi, na hospitali yako inaweza kuwa kwa mbunge mwingine kabisa. Wabunge wanaheshimu mipaka hiyo, ukimwandikia wa jimbo jingine atakurudisha. Diwani pia hatakufaa kwa hili, uhamiaji uko mikononi mwa serikali kuu.

Usibebe zawadi. Si kitenge, si kahawa, si chochote. Najua moyo unaotaka kushukuru, lakini kitu kidogo mkononi kinaweza kumtia mbunge kwenye maswali na kukufanya wewe uonekane unanunua. Ukisaidiwa, kadi ya shukrani inatosha.

Mumeo nisingependa umdharau. Mtu aliyekulia mahali ambapo anayelalamika ofisini ndiye faili lake hupotea ana sababu ya kuogopa. Mweleze hivi: kuulizia ombi kupitia mbunge si kosa katika kanuni yoyote ya uhamiaji, na si sababu ya kumnyima mtu ukaazi. Maelfu ya watu hufanya hivyo. Mweleze pia kwamba hatavutwa bila ridhaa yake. Ofisi ya mbunge itataka idhini iliyoandikwa na kusainiwa kabla ya kugusa habari zako, na kila mtu mzima aliye kwenye ombi anasaini kwa ajili yake mwenyewe. Akikataa, wewe unaweza kuuliza juu yako peke yako. Ingekuwa bora mkaenda pamoja, kwa sababu ombi lake limefungwa na lako, lakini woga wake usikufunge wewe.

Kuna swali ambalo hofu yake inaligusa kwa pembeni, nawe ujijibu mwenyewe, usiniandikie. Kuna kitu kwenye fomu zenu ambacho hakikukaa sawa? Siku nyingi mno nje ya nchi, kwa mfano: kwa aina ya viza yenu mtu hatakiwi kuzidi siku 180 nje katika kipindi chochote cha miezi 12. Kuna kesi au faini haikutajwa? Mwajiri alibadilika na hakuna aliyearifu? Kama kipo, usianze kwa mbunge. Anza kwa wakili, kwa sababu swali la mbunge litalifungua faili kweli, na ni vizuri awepo mtu wa sheria upande wako kabla halijafunguliwa. Kama hakipo, na barua yako inanionyesha watu waliofanya mambo yao kwa utaratibu, faili kufunguliwa ndicho hasa mnachokitaka.

Hilo la wakili nawaambia kwa nguvu zaidi wasomaji ambao viza zao zimepita na hawakuomba chochote. Ofisi ya mbunge si mahali pa siri kama chumba cha wakili. Anzeni kwa mshauri mwenye leseni. Uingereza ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila kibali, na wanaosimamia washauri wasio mawakili ni Immigration Advice Authority, ambayo mpaka Januari 2025 ilijulikana kama OISC. Jina la mshauri linatafutwa kwenye orodha yao kwa dakika chache. Wafanyakazi wa mbunge nao hawatakupa ushauri wa sheria, wataulizia tu.

Anza kwa barua pepe. Iandike kwa Kiingereza, fupi, isomeke na mtu ambaye asubuhi hiyo ana nyingine nyingi za kusoma. Watu wetu wengi wanakosea hapa: wanaanza na salamu ndefu, wanasimulia maisha tangu Kilifi, na namba ya ombi haimo kabisa. Yako iwe na maneno kama haya:

"Mimi ni mkaazi wa jimbo lako, anwani yangu na postikodi ni hizi. Ni nesi katika hospitali ya umma. Tarehe fulani niliomba ukaazi wa kudumu pamoja na mume wangu, namba za maombi ni hizi, tarehe zetu za kuzaliwa ni hizi. Alama za vidole tulitoa tarehe fulani. Muda wa miezi sita uliotangazwa ulipita tarehe fulani. Nimeulizia kwa simu na barua pepe tarehe hizi, majibu nimeyaambatanisha. Ucheleweshaji huu una madhara mawili. Mwajiri wangu anahitaji uthibitisho mpya kabla ya tarehe fulani. Mama yangu yuko kwenye matibabu ya figo nchini Kenya na siwezi kumtembelea bila kupoteza ombi, ripoti ya daktari wake nimeiambatanisha. Naomba uiulize Home Office ombi limefikia wapi, kama kuna karatasi wanayoingoja kutoka kwangu, na kama wanaweza kuliamua kwa haraka kwa sababu ya hali ya mama."

Basi. Namba ya ombi ni ile ndefu ya tarakimu 16 kwenye barua pepe ya kupokelewa, inakili kutoka pale, usiiandike kwa kukumbuka. Maswali matatu ya mwisho ndiyo moyo wa barua. Ukiandika tu "naomba msaada wako", msaidizi wa mbunge atakuhurumia lakini hatajua aandike nini. Ukimpa maswali matatu, atayachukua kama yalivyo na kuyapeleka.

Ripoti ya daktari nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayotofautisha ombi lako na la mtu aliyechoka kusubiri. Mwambie kaka yako aiombe kwa daktari anayemhudumia mama, iwe kwenye karatasi yenye kichwa cha hospitali, iwe na jina kamili la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, ugonjwa, tangu lini, anasafishwa damu mara ngapi kwa wiki, na hali inavyoelekea. Iwe na tarehe, sahihi, jina na namba ya usajili ya daktari, muhuri, na simu ya hospitali inayopokelewa. Iandikwe kwa Kiingereza ili isihitaji kutafsiriwa. Ambatanisha cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mama. Wewe unajua huyo ni mama yako, lakini ofisa hana cha kumjulisha isipokuwa karatasi. Picha ya mama kitandani usiitume. Haisaidii, na yeye hakukubali isambae.

Wakikuita kuonana na mbunge ana kwa ana, mara nyingi ni Ijumaa au Jumamosi, kwa sababu siku za katikati ya wiki yuko Westminster, bungeni London. Utatakiwa kuweka miadi, na mahali penyewe wanaweza kukuambia baadaye, na pengine utaulizwa kitambulisho mlangoni. Usidhani ni kwa sababu ya rangi au lafudhi yako. Mbunge Jo Cox aliuawa mwaka 2016 akielekea kukutana na wananchi wake, na David Amess aliuawa mwaka 2021 akiwa kwenye mkutano wa namna hiyohiyo, kanisani. Tangu hapo wanajihadhari. Unaweza kukutana na msaidizi badala ya mbunge mwenyewe, na usivunjike moyo, huyo ndiye atakayeandika barua. Nenda na nakala za karatasi zako, si za asili. Una dakika chache tu. Anza na namba na tarehe, halafu mama. Ukilia, ulie, hakuna aibu, ila karatasi ziwe tayari zimeshawekwa mezani.

Kisha uliza jina la anayeshughulikia jambo lako na lini umkumbushe. Usiwaandikie kila siku. Baada ya wiki nne kama kimya, mstari mmoja wenye namba yako ya kumbukumbu. Hali ikibadilika, mama akilazwa au HR wakitoa barua, waambie siku hiyohiyo na uambatanishe karatasi.

Wanaosoma safu hii mkiwa Marekani, kwenu mfumo unafanana. Mna mwakilishi mmoja wa eneo lenu kati ya wale 435, na maseneta wawili wa jimbo, na ofisi zao zinaulizia maombi ya uhamiaji bure, hata kwa asiye raia. Kwa sababu ya sheria ya faragha ya mwaka 1974 hawatagusa chochote kabla hamjasaini fomu ya idhini, na wengi wameiweka kwenye tovuti zao. Chagueni ofisi moja. Mkipeleka jambo lilelile kwa mwakilishi na maseneta wote wawili kwa pamoja, mnawafanya wagongane na kila mmoja anangoja mwenzake.

Nesi wangu, jibu likirudi tupu, fanya hivi. Kwanza, iombe Home Office nakala ya kumbukumbu zote walizonazo juu yako. Ni haki yako chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa, haina ada, na kwa kawaida wanapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Humo unaweza kuona ombi lako liliguswa lini mara ya mwisho. Pili, peleka malalamiko rasmi kwa idara yenyewe. Yakigonga mwamba, yuko msuluhishi wa malalamiko dhidi ya idara za serikali, ofisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mwananchi hawezi kuipelekea malalamiko ya namna hii moja kwa moja, lazima yapitie kwa mbunge. Unaona kwa nini ni vizuri akawa anakujua tayari. Tatu ni wakili kuandika barua ya tahadhari kabla ya kwenda mahakamani, ambayo kwa kawaida huwapa siku 14 za kujibu. Ina gharama, na si kila ucheleweshaji unaifikia, lakini miezi inavyozidi na mama akiwa katika hali hiyo, wakili atataka kuona mambo mawili: kwamba uliuliza kwa utaratibu, na kwamba walijua kuhusu mama wakakaa kimya. Barua ya mbunge na majibu yake vinaonyesha yote mawili, kwa hiyo ziweke kwenye faili moja kuanzia ya kwanza, hata zile ambazo hazina jipya.

Dada yako